Siku kumi za orodha: kazi ya kujitolea inayotangulia kura ya vitongoji

Ijumaa ya Oktoba 11 itafungua siku kumi ambazo, kwa maoni yangu, zina uzito kuliko kampeni zote zitakazofuata. Kuanzia siku hiyo hadi Oktoba 20, wakazi wa kila kitongoji na mtaa, hapa Chato na kwingineko Tanzania Bara, wataandikishwa kwa ajili ya uchaguzi wa serikali za mitaa utakaofanyika Novemba 27, 2024. Asiyeandikwa hatapiga kura. Kampeni zimepewa siku saba tu, Novemba 20 hadi 26, na zitakapoanza orodha itakuwa imekwisha kufungwa. Waislamu wenzangu wanaouliza watajitolea vipi katika uchaguzi huu bila kuvaa fulana ya mgombea yeyote, jibu lao liko katika siku hizo kumi.

Kuna jambo moja linalowachanganya wengi, na ni haki yao kuchanganyikiwa. Mwezi Agosti Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilipita katika mkoa wetu wa Geita kuboresha Daftari la Kudumu la Wapiga Kura. Watu walipanga foleni, wakapigwa picha, wakapewa kadi. Kadi hiyo ni ya uchaguzi mkuu wa mwakani, wa Rais, wabunge na madiwani. Uchaguzi wa Novemba unasimamiwa na TAMISEMI, nao una orodha yake mbali. Jina huandikwa katika kitabu, katika kituo cha kitongoji unamoishi, na hupewi kadi yoyote. Neno ni lile lile, kujiandikisha, lakini mambo ni mawili. Mtu anaweza kufika kituoni siku ya kura na kadi yake mpya mkononi, akakuta jina lake halimo. Wa kumweleza hayo ni jirani aliyebisha hodi mlangoni kwake, kwa kuwa tangazo la redio husikika mara moja likapita.

Wapo watakaosema kwamba kitongoji ni jambo dogo. Mimi naona kinyume chake. Kijana anayetafuta kitambulisho cha Taifa huanzia kwa mwenyekiti. Barua ya utambulisho ya mdhamini hutoka kwake. Mjane anayebanwa na shemeji zake aliache shamba la marehemu mumewe hupeleka shauri hapo kabla hajaifikia mahakama. Zaidi ya hayo, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeikabidhi Halmashauri ya Kijiji usimamizi wa ardhi ya kijiji, na haiwezi kumgawia mtu ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji, yaani wakazi wote waliotimiza miaka 18. Katika ukanda wetu huu, ambako shamba la mihogo huweza kugeuka machimbo watu wakiwa bado wanajadili mavuno, ni nani anayeketi katika halmashauri hiyo si swali la kupuuza. Wajumbe wake ni kati ya 15 na 25, na sheria inataka wanawake wasipungue robo. Akina mama wetu wenye elimu na uadilifu, ambao kila siku tunawapa kazi ya kusimamia mapishi ya Maulidi, wana nafasi yao pale.

Tusidhani kwamba dini yetu haina habari na haya. Katika Kiapo cha Pili cha Aqaba, Mtume (SAW) aliwataka watu wa Madina wamtolee viongozi kumi na wawili kutoka miongoni mwao wenyewe. Walitoa tisa wa Khazraj na watatu wa Aus. Hakuwachagulia, ingawa angeweza. Sura ya 42 ya Qur'ani imebeba jina la Shura, na wanachuoni wengi wa zama hizi wameieleza kura kuwa ni aina ya ushahidi. Kuuficha ushahidi tumekatazwa, na kuuza ushahidi kwa kilo ya sukari au kitenge ni rushwa, ambayo mtoaji na mpokeaji wake wote wamelaaniwa.

Wala ukanda huu si mgeni wa watu wa kawaida kuyageuza mambo ya utawala. Mwaka 1958 serikali ya kikoloni iliwawekea watu wa Geita baraza la wilaya la mchanganyiko wa rangi, likiwapa Wazungu na Waasia viti ambavyo wananchi hawakuviridhia. TANU yenyewe ilikuwa imezuiwa Usukumani tangu 1954. Hata hivyo watu walikataa, wakakutana, wakatembea kwa miguu hadi Mwanza kupeleka malalamiko yao. Polisi walitumwa kuwatawanya, lakini mwishowe serikali ililiacha baraza lile. Waliotembea walikuwa wakulima, na hakuna aliyewalipa posho.

Sasa kazi yenyewe. Misikiti yetu mingi inalo daftari la kaya, lile linalotumika kugawa Zakatul Fitri na kupashana habari za misiba. Daftari hilo latosha kuanzia. Watu wawili wawili, mume na mkewe au mama na binti yake, wapewe kaya kumi na tano za jirani, waende jioni, watoe salamu mara tatu kama adabu ya kubisha hodi inavyotaka, na wasipoitikiwa warudi kesho. Maswali ni matatu: nani katika nyumba hii ametimiza miaka 18, kituo chenu mnakijua, na mtakwenda siku gani? La tatu ndilo lenye kazi, kwa kuwa mtu aliyetaja siku huona haya kuivunja. Jirani asiye Muislamu naye abishiwe hodi, maana kitongoji ni chetu sote. Mgombea na chama visitajwe. Anayetaka kumnadi mgombea akamnadi kwa jina lake mwenyewe, nje ya msikiti, bila kanzu ya uongozi wa msikiti.

Kuna pingamizi zito ambalo sitalipita. Mwaka 2019 wagombea wengi wa upinzani walienguliwa, vyama vikubwa vya upinzani vikajitoa, na CCM ikatwaa takriban viti vyote, vingi bila kupingwa. Mzee mmoja aliniuliza, "Katibu, niandikwe ili nikamchague nani, na ameshapita?" Sina dawa ya hilo, na wala sitajifanya ninayo. Ninachokiona ni kwamba sheria haimruhusu mgombea asiye na chama, hivyo mchujo huanzia ndani ya vyama, katika kura za maoni za tawi, ambako waliohudhuria huwa wachache sana. Muumini aliye mwanachama, wa chama chochote, asipohudhuria kikao hicho amewaachia wengine wamchagulie. Na mwenyekiti ajaye, awe amepitaje, atalazimika kuitisha mkutano mkuu kila miezi mitatu na kusoma mapato na matumizi. Wajitoleaji wale wale wanaweza kuujaza mkutano huo watu, na wakauliza.

Kwa Chato limebaki suala la ziwa. Siku za uandikishaji zitaangukia mwezi ukijaa, mpevu ukiwa Oktoba 17, na wavuvi wa dagaa huwa nchi kavu wakitengeneza nyavu. Hao waandikwe sasa. Novemba 27 ni mwisho wa Jumadal Ula, giza tupu, wakati ambao kambi na mialo huwa imejaa watu walio mbali na vitongoji vyao. Kura hupigwa ulipoandikwa, kuanzia saa 2:00 asubuhi hadi saa 10:00 jioni. Mjitoleaji wa kaya ya mvuvi basi ana hodi ya pili ya kubisha, wiki moja kabla ya uchaguzi, ili mwenye mtumbwi na wavuvi wake wakubaliane mapema ni usiku upi hawatatoka. Wachimbaji wadogo walioacha familia Chato wakaenda kulala machimboni nao waamue mapema makazi yao ni wapi, kisha waandikwe huko, mara moja tu.

Baada ya swala ya Ijumaa Oktoba 11 vituo vitakuwa wazi hadi saa 12:00 jioni. Imamu anaweza kufupisha hotuba kwa dakika tano, na safu ya kwanza ikaelekea kituoni moja kwa moja.