Mama Akichoka Kila Siku, Tuangalie Damu Yake

Safari hii tunazungumza juu ya afya ya akina mama. Akina baba, msiufunge ukurasa. Habari hii ni yenu pia, na mbele kidogo mtaiona kazi yenu.

Kwetu Kinole kazi za mama hazina saa. Anaamka gizani, anachota maji, anapika, kisha anapanda mlima kwenda shamba. Jioni anashuka na mkungu wa ndizi kichwani na mtoto mgongoni. Pengine na mimba anayo. Ukimwuliza hali, anajibu: "Nzuri, uchovu tu." Jibu hilo tunalisikia sana madarasani. Mama anasinzia juu ya daftari. Anasema akisimama anasikia kizunguzungu, na akipanda kilima kidogo tu moyo unamdunda. Wenzake wanamwambia, "Ndivyo tulivyo wanawake, utazoea."

Sisi tunasema hapana, asizoee. Uchovu wa jembe huondoka mtu akilala. Uchovu usioondoka hata baada ya kulala una sababu nyingine, na mara nyingi sababu hiyo ni upungufu wa damu.

Jambo hili si la mama mmoja mmoja. Mwaka 2015 na 2016 Serikali ilipima afya ya watu nchi nzima. Katika kila wanawake 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49, wanawake 45 walikuwa na upungufu wa damu. Kwa wajawazito ilikuwa 57 katika kila 100. Maana yake, wajawazito wawili wakikutana kisimani, yaelekea mmoja wao hana damu ya kutosha. Na pengine hajui.

Damu ni wapagazi

Ndani ya damu mna chembechembe nyekundu, ndogo sana, hazionekani kwa macho. Kazi yake ni kubeba hewa safi kutoka mapafuni na kuipeleka kila mahali mwilini: kwenye misuli, kwenye ubongo, kwa mtoto aliye tumboni. Chembechembe hizi ni kama wapagazi wanaobeba matenga ya matunda kutoka mlimani. Wapagazi wakiwa wengi, mzigo unafika. Wakiwa wachache, wanalazimika kukimbia kwenda na kurudi. Ndiyo maana moyo wa mama huyu unadunda. Unawakimbiza wapagazi wachache alio nao.

Mwili hutengeneza chembechembe hizi kwa kutumia madini ya chuma yaliyomo ndani ya vyakula. Madini yakikosekana, au damu ikipotea kuliko inavyotengenezwa, upungufu unaingia. Unaingia polepole. Mama anazoea kidogo kidogo, mpaka siku anaanguka shambani, na watu wanaanza kutafuta mchawi.

Damu inakwenda wapi?

Kwanza, mwanamke hupoteza damu kila mwezi. Hiyo ni kawaida. Damu ya mwezi kwa kawaida haizidi vijiko vitano vikubwa kwa siku zote ukizijumlisha, na haipiti siku 7. Lakini mama anayebadili kitambaa kila saa, au anayetoka mabonge makubwa, au anayekwenda zaidi ya siku 7, huyo anapoteza damu nyingi. Pengine ana uvimbe katika mfuko wa uzazi. Pengine mimba imeharibika. Aende zahanati.

Tunajua si rahisi kulisema jambo hili. Mwali alipowekwa ndani alifundishwa kwamba damu ni siri ya wanawake. Kutunza siri si vibaya. Lakini mhudumu wa afya naye ni mtunza siri, na siri ya damu ikifichwa hata kwake inaua.

Pili, mimba na kuzaa. Mtoto tumboni anachukua sehemu yake ya madini kwa mama, na wakati wa kuzaa damu inatoka. Mama akishika mimba nyingine haraka, mwili unakuwa haujajaza ghala lake. Wataalamu wanashauri miaka 2 ipite baada ya kujifungua ndipo mimba nyingine ianze. Hilo ni la kuzungumza nyumbani wawili, na kliniki watawaonyesha njia za uzazi wa mpango.

Tatu, safura. Hapa tukae kidogo. Wazee wetu wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio na kusoma vijitabu, kisha wakachimba vyoo. Safura ilikuwa moja ya magonjwa yaliyozungumzwa. Imepita miaka mingi, lakini mnyoo wa safura hajahama. Anapenda udongo wenye unyevu na kivuli. Sasa fikiria migomba yetu! Upande huu wa mashariki wa milima ya Uluguru mvua ni nyingi, na chini ya migomba udongo haukauki upesi. Mtu mwenye safura akijisaidia shambani, mayai ya minyoo yanatoka na kinyesi, kisha yanaanguliwa udongoni. Anapita mama pekupeku. Vijinyoo vinatoboa ngozi ya mguu, vinaingia katika damu, vinafika mapafuni, vinapanda kooni na kumezwa. Vikifika katika utumbo vinajing'ata hapo na kunyonya damu, usiku na mchana, mwaka baada ya mwaka.

Kwa hiyo viatu vya shamba si mambo ya mjini. Hata ndara au makubazi ni bora kuliko mguu mtupu, na buti la mpira ni bora zaidi. Choo nacho kitumiwe hata na walio shambani. Dawa ya minyoo ipo, na mjamzito hupewa kliniki baada ya miezi mitatu ya kwanza kupita. Asijinunulie mwenyewe dukani kabla ya hapo.

Nne, malaria. Vijidudu vya malaria huvunja chembechembe nyekundu. Mjamzito alale ndani ya chandarua kila siku, na kliniki apewe vidonge vya SP vya kuzuia malaria kuanzia mwezi wa nne, si mara moja tu bali kila mwezi ahudhuriapo, kama mhudumu atakavyomwelekeza.

Chungwa linaloshuka sokoni

Tano ni chakula, na hapa tuna neno la kusema bila kuficha. Kinole ni nchi ya matunda. Kila siku ya soko machungwa, machenza na mananasi yanapakiwa kwenda Morogoro mjini na Dar es Salaam. Nyumbani mama anakula ugali au ndizi na mboga za majani, kisha anateremshia kikombe cha chai ya rangi. Chungwa hakuligusa. Limeuzwa.

Mboga za majani kama mchicha, matembele na kisamvu zina madini ya chuma. Maharage na kunde pia. Lakini madini ya kwenye mimea ni mazito kuingia mwilini. Yanahitaji kusukumwa. Kinachoyasukuma ni vitamini C, ambayo imo kwa wingi katika chungwa, chenza, pera na papai. Kinachoyazuia ni chai na kahawa. Basi mama yule anafanya kinyume: kinachosaidia amekiuza, kinachozuia amekinywa. Angeacha machungwa mawili nyumbani katika kila tenga, akala moja pamoja na chakula, na chai akainywa saa moja au mbili baadaye, mboga zilezile zingempa damu zaidi. Hilo halihitaji fedha.

Nyama, samaki na dagaa wana madini yanayoingia mwilini kwa urahisi. Dagaa kiganja kimoja ndani ya mboga ni msaada mkubwa. Na vikipatikana, visigawiwe kwa kuanzia kwa baba na kumalizikia kwa mama anayeokota mchuzi. Hapa Uluguru tunahesabu ukoo kwa upande wa mama. Ajabu ni kwamba tunaihesabu damu ya mama, lakini katika sahani tunaisahau.

Kuna wanaosema eti kinywaji chekundu kinaongeza damu. Rozela ni kinywaji kizuri, nasi tunakipenda. Lakini wekundu wa kinywaji haugeuki kuwa wekundu wa damu. Soda nyekundu ni sukari na rangi tu. Tena kuna udongo wa pemba wanaoula wajawazito. Hamu hiyo ni ya kweli, hatuwacheki. Hamu ya kula udongo mara nyingi huenda pamoja na upungufu wa damu. Lakini udongo wenyewe unaweza kuyazuia madini ya chuma tumboni, na unaweza kuwa na mayai ya minyoo. Mama anayetamani udongo akapimwe damu.

Soma kadi yako

Mtu anaweza kukisia kwa kuangalia ndani ya kope la chini, ulimi, na viganja. Vikiwa vyeupe kuliko kawaida, kuna mashaka. Lakini kukisia si kupima. Kipimo chenyewe ni tone moja la damu kutoka kwenye kidole.

Ewe mama uliyehitimu kisomo, kusoma kwako kufanye kazi hapa. Chukua kadi yako ya kliniki. Tafuta neno "damu" au herufi Hb. Mbele yake pana namba. Kwa mjamzito, ikiwa ni 11 au zaidi, vema. Chini ya 11, damu ni pungufu. Chini ya 7, hiyo ni hatari, unatakiwa hospitali bila kungoja. Kama hapajaandikwa namba yoyote, uliza kwa heshima: "Mhudumu, damu yangu ni ngapi?" Ni haki yako kujua.

Mjamzito hupewa vidonge vya kuongeza damu. Kwa utaratibu wa Serikali hutolewa bila malipo. Ameza kimoja kila siku au kama ulivyoelekezwa, hata kama hujisikii mgonjwa. Wengi huviacha kwa sababu choo kinakuwa cheusi, nao wanaogopa. Weusi huo ni wa madini yaliyobaki, hauna madhara. Wengine wanapata kichefuchefu au choo kigumu. Meza usiku kabla ya kulala, kunywa maji mengi, kula papai. Ukishindwa kabisa, rudi ukaseme, usivitupe. Na viweke juu, mbali na watoto. Mtoto mdogo akimeza vingi vinaweza kumwua.

Si kila upungufu wa damu unatibiwa kwa vidonge hivi. Mwenye sikoseli, kwa mfano, ana matibabu yake. Ndiyo sababu tunasema pima kwanza.

Damu isiyongoja kesho

Ziko damu ambazo mtu hapaswi kuzingojea hata siku moja. Damu inayomtoka mjamzito, iwe nyingi au kidogo. Damu inayoendelea kutoka baada ya kujifungua, ikilowesha kanga moja baada ya nyingine. Mzazi akipoteza nusu lita hiyo tayari ni nyingi, na mama aliyeanza na damu pungufu anaweza kufa kwa kiasi ambacho mwenzake angekistahimili. Ndiyo maana tunataka ajifungulie penye mhudumu, ambako kuna sindano ya kuukaza mfuko wa uzazi mara mtoto atokapo.

Nchi imepiga hatua. Hesabu za mwaka 2015 na 2016 zilionyesha vifo 556 vya uzazi kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Hesabu za mwaka 2022 zilionyesha 104. Waliobaki katika hiyo 104 bado ni mama za watu, na kutokwa damu ni moja ya sababu kubwa za vifo hivyo.

Pia damu inayomtoka mama aliyekwisha kukoma hedhi, au inayotoka baada ya tendo la ndoa. Huenda ikawa dalili ya saratani ya mlango wa kizazi. Mwenye dalili hiyo aende mara moja. Hata asiye na dalili, akiwa na umri wa miaka 30 hadi 50, aulize kipimo. Mhudumu hupaka siki nyepesi kwenye mlango wa kizazi. Palipo na kasoro pataonekana peupe, na mara nyingi hutibiwa mapema kabla haijawa saratani. Mabinti wa miaka 9 hadi 14 wana chanjo yake. Ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018, na tangu 2024 ni dozi moja tu. Usimfiche binti yako.

Sasa akina baba, kazi yenu ndiyo hii. Kuchimba choo, kununua viatu vya shamba, kupokezana mzigo mlimani mke akiwa mjamzito, hayo mnayajua. La ziada ni damu. Hospitali haiwezi kutengeneza damu. Inatoka kwa watu. Mtu wa miaka 18 hadi 65, mwenye afya na uzito usiopungua kilo 50, anaweza kuchangia. Mwanamume anaweza kila baada ya miezi 3, mwanamke kila baada ya miezi 4. Mwili hurudisha damu hiyo. Mimba ikifika mwezi wa saba, kaeni ndugu wa pande zote mbili, mjomba awepo, mchague watu wawili au watatu watakaokuwa tayari kuchangia. Wakati wa masika barabara ya mlimani inateleza, basi mpatane mapema na mwenye pikipiki au gari, na fedha ya safari itengwe. Andikeni majina yao na namba zao za simu katika karatasi moja kwa herufi kubwa, muiweke ndani ya kadi ya kliniki, na kila mtu wa nyumba hiyo ajue kadi inakaa wapi.