Mawe ya Udzungwa Hayakumwagwa na Volkano

Anayetazama mistari myeusi na myeupe kwenye mawe ya Udzungwa, juu ya Kidatu, anaweza kudhani ni uji wa volkano ulioganda. Sivyo. Mawe hayo ni miamba geu: miamba ya zamani iliyobadilishwa na joto na mgandamizo, kilomita nyingi chini ya ardhi, mabara yalipogongana takriban miaka milioni 600 iliyopita. Ushahidi ni mistari yenyewe. Madini yanapobanwa muda mrefu bila mwamba wote kuyeyuka, hujipanga tabaka kwa tabaka, meusi mbali na meupe. Mwamba wa namna hiyo huitwa naisi.

Mtu atauliza: mbona marumaru ya Mahenge, ng'ambo ya bonde la Kilombero, ambayo nayo ni mwamba geu, mara nyingi haina mistari hiyo? Kwa sababu ilitokana na mawe ya chokaa, ambayo karibu yote ni madini ya aina moja, hivyo hakuna cha kutengana. Chembe hukua tu. Ndiyo maana wanajiolojia huainisha miamba geu kwa mpangilio na madini yake; rangi pekee, ambayo wengi wetu huitegemea, hudanganya.