Basmati ya Kano, Omena ya Dunga

Dunga si mahali pa wali. Anayeshuka ufukweni pale kutoka mjini Kisumu huwa amefuata samaki, ngege au mbuta, wa kukaanga au wa mchuzi, na pembeni yake ugali, ule kuon ambao kwa Mjaluo ndio chakula chenyewe. Wali una siku zake: Krismasi, harusi, ujio wa wakwe, matanga. Hata hivyo swali ninaloulizwa mara kwa mara na watu wa huku kama mtu wa lishe ni la wali: je, kweli basmati ni mchele wa afya, na mwenye kisukari anaweza kuula bila hofu?

Basmati asili yake ni nyanda zilizo chini ya milima ya Himalaya, India na Pakistan. Aina tunayolima Kenya, Basmati 370, iliwafikia wakulima wa huko mwaka 1933 kutoka kituo cha utafiti cha Kala Shah Kaku, Punjab, na ndiyo inayouzwa kwetu kwa jina la pishori. Wengi huidhania kuwa ya skimu ya Mwea peke yake, kumbe hata tambarare za Kano, hapa jirani na Kisumu, zimeilima. Huko, skimu ya Ahero, iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1960, huvuta maji ya mto Nyando kwa pampu. West Kano, iliyofuata miaka ya 1970, huvuta maji ya Ziwa Victoria lenyewe, na yakishatoka majarubani husukumwa tena kwa pampu kurudi ziwani. Kwa hiyo mvuvi wa Dunga na mkulima wa West Kano wanategemea maji yale yale.

Lakini mkulima wa Kano ana sababu za kusitasita. Basmati huzaa kidogo kuliko aina kama IR 2793, tena hushambuliwa upesi na ugonjwa wa blasti. Ongeza bili za umeme wa pampu na kweleakwelea, wale ndege waliovamia mashamba ya Kisumu mwanzoni mwa 2023, uone kwa nini anachagua mbegu ya kujaza magunia. Mpunga mwingi nao hununuliwa na wafanyabiashara wa Uganda kabla haujakobolewa. Ndiyo maana mtu anaweza kuishi kilomita chache kutoka majaruba na bado akanunua mchele wa Pakistan.

Harufu ndiyo iliyoupa mchele huu heshima. Mpunga wa kawaida una jini inayotengeneza kimeng'enya cha kuondoa malighafi ya harufu hiyo. Katika basmati jini hiyo ni mbovu, malighafi hubaki, na harufu hujijenga ndani ya punje. Ni kemikali ile ile inayonukia kwenye mkate unaotoka tanurini na bisi zinazopasuka. Ndiyo inayotafutwa katika biriani ya Idi kwa Waislamu wa Kaloleni, Kisumu, na katika majiko ya Wahindi ambao jamii yao ilikua hapa tangu reli ilipofika ziwani mwaka 1901. Harufu hiyo haina vitamini hata moja, lakini ndiyo inayolipiwa, na ndiyo inayoghushiwa. Sokoni Kibuye, kabla muuzaji hajakujazia gorogoro, lile kopo la kupimia, chukua punje kiganjani, zipulizie pumzi ya moto, zisugue, unuse. Pishori halisi hunukia hata mbichi. Ukiona punje za urefu na unene tofauti na harufu ni ya kubahatisha, umeuziwa mchanganyiko.

Sasa afya. Wataalamu hupima kasi ya wanga kugeuka sukari damuni, glukosi tupu ikihesabiwa 100. Basmati katika vipimo vingi huangukia kati ya 50 na 60. Mchele wa kunata hupita 80. Sababu ni amilosi, aina ya wanga isiyolainika kirahisi, ambayo basmati inayo kwa kiwango cha wastani. Amilosi hiyo hiyo ndiyo inayofanya wali uchambuke punje kwa punje. Anachosifia mpishi, tumbo nalo hukitambua.

Ila kasi si wingi. Gramu 100 za wali mweupe uliopikwa, wa basmati au wa aina nyingine, zina takriban gramu 28 za wanga, chini ya gramu 3 za protini, na nyuzi kidogo mno. Mlima wa pishori utapandisha sukari kuliko kilima cha mchele wa bei rahisi. Mashine ya kukoboa nayo huondoa pumba pamoja na sehemu kubwa ya vitamini B1. Anayetaka faida kamili na atafute pishori isiyokobolewa sana, ile ya kahawia, ambayo huiva polepole na watoto huilalamikia.

Mimi ningeanzia kwenye kitoweo. Protini ya mchele ina upungufu wa laisini, na samaki wana laisini tele. Omena, dagaa wetu, huliwa nzima na mifupa yake, hivyo huleta pia kalsiamu, chuma na zinki. Nakaribia kusema kwamba wali mweupe wa kawaida kwa omena na osuga, yaani mnavu, unaupita kwa mbali wali wa basmati ulionyunyiziwa supu tu. Kwa mwenye kisukari napendekeza nusu ya sahani iwe mboga za majani, robo samaki, robo iliyobaki wali, kisha apime sukari saa mbili baada ya kula. Mashine itamjibu kuhusu mwili wake vizuri kuliko mimi.

Wapo wanaosema kiporo ni bora zaidi. Kuna ukweli: wali ukipoa, sehemu ya wanga wake hugeuka kuwa mgumu kumeng'enywa. Lakini lazima upoe upesi na kuwekwa kwenye friji. Sufuria kubwa ya sherehe ikikesha jikoni kwa joto la Kisumu, mbegu za bakteria zilizostahimili moto wa kupikia huamka na kutoa sumu inayomtapisha mtu, na sumu hiyo haiondoki hata wali ukipashwa moto upya.