Fahamu: Kwa nini mwanzo wa filamu hukuganda au hukukimbiza

Aliyelipa kiingilio kwenye kibanda umiza, yaani banda la video la mtaani, pale Bigwa, Morogoro, hatoki ovyo. Hela yake imeshaingia. Anayetazama kwa simu anaondoka kwa kidole kimoja. Ndiyo maana tukio la kwanza lina kazi ngumu siku hizi: kupanda swali, na kulichelewesha jibu.

Jaws (1975) ya Steven Spielberg inaanza na msichana anayeogelea usiku. Anavutwa chini mara moja, mara mbili, anapiga mayowe, bahari inatulia. Papa haonekani. Atakuja kuonekana sawasawa baada ya zaidi ya saa nzima, na hubanduki.

Vibandani, wakalimani wa filamu, akiwemo Derek Mukandala maarufu Lufufu, walisaidia mwanzo ukushike: walikuonyesha mapema steringi, yaani shujaa wa filamu, umjue wa kumwombea.

Bongo Movie nyingi za enzi za DVD zilianza hivi: honi, mlinzi anafungua geti, gari linaegeshwa, bosi anashuka, anapanda ngazi, muziki unalia. Watu walizitania sana. Kosa si la gari, kwa maoni yangu. Mlinzi angesita tu kufungua, filamu ingekuwa imeshaanza.