Kupima Maji ili Kumjua Akaaye Ndani Yake

Daktari hamwoni mdudu wa ugonjwa kwa macho matupu. Huchukua damu, mkojo au makohozi, akayapeleka maabara, na kwa kile kilichobaki humo akatambua ni nani aliyeingia mwilini. Wakati wa janga la UVIKO-19 wengi wetu tulilijua jina la kipimo cha PCR kwa kuchokonolewa pua. Kipimo hicho hicho leo huulizwa swali jingine: katika kidimbwi hiki anaishi nani?

Kila kiumbe aishiye majini huacha humo chembe za ngozi, ute, kinyesi na mbegu za uzazi. Chembe hizo zina vinasaba vyake, navyo hudumu kwa siku kadhaa, pengine wiki chache, kabla ya kuvunjwavunjwa na jua, joto na bakteria. Wataalamu huviita vinasaba vya mazingira. Mwaka 2008 watafiti nchini Ufaransa walionyesha kwamba kwa maji kidogo tu ya kidimbwi waliweza kumgundua chura mkubwa wa Marekani, mvamizi katika vidimbwi vya Ulaya, bila kumwona wala kumsikia akilia.

Hata hivyo, ni Uingereza ambako kazi hii iliwekwa mikononi mwa wananchi wa kawaida. Huko yuko salamanda wa kishungi, mnyama wa ukoo wa vyura, mwenye mkia na tumbo la rangi ya chungwa. Dume huota kishungi chenye meno kama msumeno majira ya kuzaliana. Sheria humlinda tangu mwaka 1981, na mwenye kutaka kujenga karibu na makazi yake mara nyingi hutakiwa kuchunguza kwanza kama yumo. Zamani uchunguzi huo ulidai kurudi kidimbwini mara nne au zaidi: usiku kwa tochi, alfajiri kukagua mitego ya chupa, mchana kufunua majani ambamo jike hukunja mayai yake moja moja.

Utaratibu wa vinasaba ni mwepesi kiasi cha kushangaza. Mtu huzunguka kidimbwi, akateka mililita 30 za maji katika sehemu 20 tofauti, akayatia yote katika mfuko mmoja na kuutikisa. Kisha huhamisha mililita 15 katika kila mojawapo ya vichupa sita vyenye ethanoli, ambayo huzuia vinasaba kuoza hadi vifike maabara. Huvaa glavu, wala haingizi mguu majini. Katazo hilo si la adabu tu: buti lililokanyaga kidimbwi cha jirani asubuhi laweza kuleta vinasaba vya jirani, na tope la chini laweza kuibua vinasaba vya zamani.

Je, wasio wataalamu waaminiwe? Ndilo swali lililojaribiwa mwaka 2013, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2015. Kwanza wataalamu walitembelea vidimbwi 35 vyenye salamanda, jumla ya ziara 140. Vinasaba vilimfichua mnyama katika ziara 139, ilhali mitego ya chupa na tochi kila moja ilimpata katika takribani robo tatu ya ziara, na utafutaji wa mayai chini ya nusu. Kisha watu wa kujitolea walipelekwa kwenye vidimbwi zaidi ya 200 nchini kote. Sampuli zao zilimgundua salamanda katika takribani asilimia 91. Mwaka 2014 mamlaka ya mazingira ya England ilikubali njia hii itumike rasmi.

Msomaji wa fani ya tiba atakuwa amekwisha kuiuliza ile asilimia 9 iliyosalia. Ndivyo ipasavyo. Jibu hasi la uongo hospitalini humrudisha nyumbani mgonjwa asiyetibiwa. Kidimbwini laweza kuliruhusu tingatinga lifukie makazi ya mnyama aliyemo. Tena kipimo hiki ni dhaifu katika kuhesabu. Husema yumo, hakisemi ni wangapi, wakubwa au wadogo, wala kama wanazaliana. Kwa maoni yangu, anayekitumia kuzifuta kabisa zile ziara za usiku anakitwika mzigo usiokuwa wake.

Kwetu sisi jambo hili haliko mbali. Konokono wa maji baridi ndiye abebaye vimelea vya kichocho, na kumtafuta kwa chekeche, kisha kumweka kwenye mwanga ili kuona kama atatoa lava, ni kazi ya subira. Aliyeambukizwa karibuni hupita wiki kadhaa kabla ya kutoa chochote. Mwaka 2019 ulichapishwa utafiti uliofanyika Kenya, ambamo vinasaba vya vimelea vya kichocho cha tumbo viligunduliwa moja kwa moja katika maji ya asili. Wanakijiji wanaojua mahali watoto wanapoogelea na kina mama wanapofulia ndio wanaofaa kuchagua pa kuteka sampuli. Lakini hapa pia maji hayasemi yote: vinasaba hivyo vyaweza kuwa vya mayai yaliyotoka katika kinyesi, au vya lava iliyo tayari kupenya ngozi ya mtoto. Kwa kutofautisha haya mawili, chekeche na taa bado vinahitajika.