Neno Linaporejelea Neno: Uhusiano wa Wengi kwa Wengi katika Hifadhidata ya Istilahi, kwa Mfano wa Jina Hai Cinema, Juba

Utangulizi

Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, na Ibara ya 137 ya Mkataba wa Jumuiya inataka Kiswahili kiendelezwe kuwa lugha ya mawasiliano mapana. Kazi hiyo inahitaji hifadhidata zinazounganisha maneno ya Kiswahili na ya Kiarabu cha Juba. Makala haya yanafafanua namna ya kusawiri uhusiano wa neno na neno katika hifadhidata hizo, kwa kutumia jina la mtaa wa Hai Cinema, Juba. Hoja kuu ni kwamba mwelekeo wa uhusiano ni uamuzi wa mwanaisimu, haupaswi kuachiwa programu.

Mfano wa jina

Msomaji wa Kiswahili anaweza kudhani kuwa Hai Cinema ni sinema iliyo hai. Katika Kiarabu cha Juba, hai ni mtaa, kama ilivyo katika Hai Malakal. Hai hiyo na hai ya Kiswahili zote zimetokana na hayy ya Kiarabu, yenye maana ya "enye uhai" na pia "mtaa". Hivyo, chanzo kimoja kimezaa maneno mawili, na jina moja, Hai Cinema, limetokana na maneno mawili. Huo ndio uhusiano wa wengi kwa wengi. Kwa kuwa pande zote ni maneno, jedwali la maneno hujirejelea lenyewe.

Usawiri

Uhusiano huo huhifadhiwa katika jedwali la kiungo lenye funguo mbili. Katika hifadhidata ya vitabu na waandishi, programu inayooanisha msimbo na majedwali hutambua kila ufunguo unakoelekea. Hapa funguo zote mbili huelekea jedwali lilelile, hivyo programu haiwezi kubaini upi ni wa chanzo na upi ni wa zao. SQLAlchemy humtaka mtumiaji ataje masharti ya kila upande. Django, isipoelekezwa vinginevyo, huuchukulia uhusiano wa kujirejelea kuwa linganifu: kiungo cha A kwenda B kikihifadhiwa, cha B kwenda A huongezwa pia.

Ulinganifu huo unafaa kwa visawe: ikiwa hai ya Juba ni mtaa, basi mtaa ni hai ya Juba. Kwa asili ya maneno, ulinganifu hupotosha: hifadhidata itadai kuwa hayy ya Kiarabu imetokana na hai ya Kiswahili. Na visawe vikichanganywa na asili katika kiungo kimoja kisicho na jina, mfasiri atapewa "enye uhai" panapotakiwa "mtaa".

Hitimisho

Inapendekezwa kwamba kila kiungo kiwe rekodi kamili yenye aina yake: kisawe, asili au mfanano wa umbo. Aina ya asili izimiwe ulinganifu, pande zake zipewe majina tofauti, na jozi moja isirudiwe ndani ya aina ileile. Taasisi zinazogharimia hifadhidata ziweke masharti haya kabla data haijaingizwa. Viungo vikishahifadhiwa pande zote mbili, jedwali halionyeshi tena neno lipi lilitangulia, na wanaisimu watalazimika kukagua jozi zote upya.