Viazi vya ziada: jua kwanza, friza baadaye

Kuanzia Kabingo hadi vijiji vya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro nchini Uganda, viazi hupandwa mvua za Machi zikianza na kuvunwa Juni au Julai. Kila mtu huvuna wakati huohuo, bei ikaporomoka, na gunia lililobaki nyumbani likaanza kuchipua au kuoza kabla familia haijalimaliza. Viazi vitamu vina nafuu kidogo, kwa kuwa unaweza kuviacha ardhini ukachimba vya kupika leo tu, ingawa kiangazi kikikaza fukusi nao wanajihudumia. Viazi mviringo havina subira hiyo. Na tangu mwaka 2023, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipoanza kugawa chakula kwa wakimbizi nchini Uganda kwa kupima uhitaji wa kila familia, kiazi kinachooza Nakivale ni mlo uliopotea. Ndiyo maana watu huvutiwa na friza, hasa mjini Mbarara. Nadhani hapo tunaanzia mwisho.

Kiazi mviringo ni maji kwa karibu asilimia 80. Kikigandishwa kibichi, maji hayo hugeuka chembe za barafu zinazopasua nyama yake, na kikiyeyuka unabaki na kitu chepechepe, cheusi, kinachochuruzika. Hata ubaridi wa kawaida wa friji haukifai: chini ya nyuzi joto 7 hivi, wanga wake huanza kugeuka sukari, na chipsi zake huwa nyeusi kikaangoni kabla hazijaiva. Kugandisha vizuri kunawezekana. Unamenya, unakata, unatokosa dakika 3 hadi 5, unatumbukiza kwenye maji baridi, unakausha kwa kitambaa, ndipo unatia kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Vitakaa miezi kadhaa, mradi umeme usikatike muda mrefu. Mwenye kupikia makaa na kuwasha taa kwa sola ndogo hana pa kuanzia. Hata kampuni kubwa hukwama: Januari 2022 migahawa ya KFC nchini Kenya iliishiwa chipsi kwa sababu shehena ya viazi kutoka nje ilichelewa majini, na Wakenya wakahamaki, maana viazi vya kwao vilikuwa vimejaa sokoni. Hasira ilikuwa ya haki. Lakini tukio hilo lilionyesha pia kwamba biashara ya chipsi za kugandishwa inasimama juu ya viwanda, meli na maghala ya baridi, na kikikwama kimoja tu, sahani hubaki tupu.

Kazi ya maana huanza shambani. Kata mashina wiki 2 kabla ya kuvuna ili maganda yakomae, usivioshe viazi, na vyote vilivyojeruhiwa na jembe vitenge viliwe au vikaushwe kwanza. Vilivyo vizima vitandazwe juu ya kichanja, penye giza na hewa. Mwanga huvigeuza kijani, na ukijani huo ni onyo la sumu ya solanini ambayo kupika hakuiondoi. (Mbegu ni kinyume chake: zinataka mwanga hafifu, zitoe machipukizi mafupi yenye nguvu.) Isingiro ina joto kuliko Kabale ya milimani, hivyo ghala la giza litakupa wiki kadhaa, si msimu mzima. Kinachobaki ni kukausha, na Waganda hawana haja ya kwenda mbali kujifunza. Teso, mashariki mwa nchi, viazi vitamu hukatwa vipande na kuanikwa kuwa amukeke, au hupondwa na kuanikwa kuwa inginyo, vikaliwa kiangazi kizima. Viazi mviringo hufuata njia hiyohiyo, ila vitokoswe kwanza visije vikawa vyeusi. Kipande kilichokauka sawasawa hukatika kwa mlio ukikikunja. Kikipinda, kirudi juani. Gunia la kilo 100 hubaki kilo 20 hivi likikauka, na hizo zinaingia kwenye ndoo mbili tatu zenye mifuniko ya kubana.

Watu watasema ladha si ileile. Kweli, usitarajie chipsi. Viloweke usiku, uvipike na maharage kwenye katogo, yaani mchanganyiko wa chungu kimoja. Watasema mvua itaharibu, lakini mavuno ya Juni na Julai huangukia kiangazi. Hoja nzito zaidi ni ya fedha: mwenye deni au ada ya shule hawezi kuweka akiba ya viazi, atauza kwa bei yoyote. Huyo na auze, lakini auze vikubwa. Vidogo na vilivyokatwa na jembe, ambavyo mchuuzi huvikataa au huvilalia bei, ndivyo vya kukausha. Na anayeamini baridi pekee awatazame wakulima wa milima ya Peru na Bolivia: hutumia baridi ya usiku kugandisha viazi, kisha huvikanyaga kukamua maji na kuvianika, vikadumu miaka. Hata wao, wenye barafu ya bure, humalizia kwa jua.

Friza ina nafasi yake: mwenye hoteli au kibanda cha chipsi Mbarara, anayeuza kila siku, gharama itamrudia. Kwa familia ya Kabingo au Nakivale, fedha ya kwanza na iende kwenye mbao za kichanja, turubai safi na ndoo zenye mifuniko, na vinunuliwe Mei, kabla jembe la mavuno halijaingia shambani.